Herufi Iliyokatwa

Kwanza, Kitale
18 Mei 2025

Kwa senge Sellah, shangazi yangu,

Mulembe! Mimi mzima, sijui nyinyi huko Bungoma. Nisalimie baba na mama. Nyanya yangu kukhu umwambie dawa ya kifua aliyonifungia kwenye gazeti bado ninayo. Sijaitumia, kwa sababu inanuka mpaka matroni akauliza nani ameficha panya. Huku mvua hainyamazi na mahindi ya shule yamefika magotini.

Siku ya wazazi baba alikuja na lile koti lake la kijivu, nywele nyeupe pee, na wasichana wakaniuliza kama ni babu yangu. Nilisema ndiyo. Najua ni vibaya. Usimwambie.

Sasa nikwambie jambo. Mwalimu Gathoni wa Kiswahili ametupa riwaya, nakala moja kwa wasichana wanne. Jalada liling'oka zamani, hata jina hatulijui, sisi tunaiita Kitabu cha Meli. Anayesimulia ni msichana wa rika langu. Mjomba wake alimvalisha shanga akamwambia, "Nakupeleka mahali pazuri." Walipofika pwani mjomba akarudi peke yake. Msichana akashushwa tumboni mwa meli pamoja na watu wengi mno, na karani wa meli hamwiti jina, anamwita Kumi na Saba.

Senge, mimi maji makubwa niliyowahi kuona ni mto Nzoia ukifurika. Lakini nasoma kama nimo humo melini. Kitabu kinasema kila mtu alikuwa na upana wa sentimita arobaini wa kulalia. Jumamosi baada ya kufua, mimi na rafiki yangu Chesang tulichora mistari ya chaki kwenye sakafu ya bweni, sentimita arobaini kila mstari, tukalala katikati. Tulikubaliana kukaa dakika kumi. Chesang alitoka baada ya dakika nne. Mimi nilifika saba, kisha matroni akaingia akatupa adhabu ya kupiga deki bweni zima.

Mwalimu ametuambia tuandike tunavyojisikia tukisoma, na pia tumuulize mtu wa nyumbani swali moja ambalo hatujawahi kumuuliza. Swali langu ni lako: kwa nini uliachia shule kidato cha pili? Hujawahi kuniambia.

Halafu usikasirike. Barua yako ya mwezi uliopita uliniandikia "kura vizuri na urare mapema." Nitapiga kura vipi, senge, na hata kitambulisho sina?

Anayekuchokoza na kukupenda,
Nangila


Bungoma
28 Mei 2025

Nangila mtoto wa ndugu yangu,

Mulembe sana. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Kizito, yule anayepeleka vitunguu kutoka Chwele hadi Kwanza karibu kila siku. Amekubali kuwa posta yetu, malipo yake ni kumshonea zipu ya koti. Nyumbani ni wazima. Kukhu anasema dawa isiyonuka si dawa. Kuku wangu mwekundu ameangua vifaranga tisa, mwewe amechukua mmoja. Vitunguu vya mama yako vimestawi.

Habari ya kura na kula nimeisikia, na nimecheka, na nimekasirika kidogo. Wewe unajua ulimi wetu wa hapa, hizo herufi mbili ni kama mapacha, mama yao pekee ndiye anazitofautisha. Lakini kuanzia leo kila R na kila L nazipitia mara ya pili kama ninavyopitia mshono wa kola. Ukiona nimekata mahali, ujue nimesahihisha.

Hiyo sentimita arobaini nilichukua tepu nikapima. Ni mabega ya mtoto wa darasa la tano. Nimeshona sare za kipimo hicho nyingi sana. Nilipopima sikushona tena siku hiyo, nikaenda sokoni kuzungukazunguka tu.

Kama kitabu kinakunyima usingizi, kiweke chini. Mambo ya zamani yalishaisha, wewe soma ya mtihani. Baba yako nimemwambia umefurahi alivyokuja kukuona. Kula vizuri. (Hapo nimepitia mara tatu.)

Senge wako,
Sellah


Kwanza, Kitale
9 Juni 2025

Senge mpendwa,

Mulembe! Barua yako imekatwakatwa kama shamba lililopitiwa na fuko, lakini hakuna kosa hata moja. Nilimwonyesha Mwalimu Gathoni. Alisema, "Huyo shangazi yako angefika mbali." Nikajivuna kama ni mimi niliyesifiwa.

Pole kwa kifaranga.

Siwezi kukiweka chini kitabu. Nimefika katikati. Huyo msichana na mwanamke anayelala ubavuni pake hawasikizani lugha, lakini kila siku wanaambiana majina. Mmoja anajigusa kifua anasema lake, mwenzake analirudia, basi. Wanafanya hivyo ili mmoja akifa, kuwe na mtu anayejua alikuwa nani. Nilisoma ukurasa huo saa ya chakula nikashindwa kumaliza githeri yangu, na wewe unajua mimi na githeri.

Tangu hapo nashukuru vitu vya ajabu. Nashukuru dirisha. Nashukuru kwamba kitanda changu kinapiga kelele nikigeuka, maana nina nafasi ya kugeuka. Jepkorir wa bweni letu anasema nimekuwa kama mama wa kanisa. Nashukuru hata jina langu kuitwa asubuhi kwenye foleni, na zamani nilikuwa naona ni usumbufu.

Kitu kimoja tu kimeniharibikia, nacho ni lile neno la mjomba. Mtu akisema "mahali pazuri" simwamini tena. Juzi mhubiri alisema mbinguni ni mahali pazuri, mimi nikamtazama vibaya.

Umenijibu ya kuku, umenijibu ya vitunguu. Swali langu umeliruka kama dimbwi. Nauliza tena.

Nangila


Bungoma
25 Juni 2025

Nangila,

Mulembe. Naandika haraka, nina sare thelathini za shule ya msingi na cherehani inakula uzi. Sisi wazima. Vifaranga sasa ni sita. Kukhu alianguka kidogo bafuni lakini ameamka na kumtukana aliyemwaga maji, kwa hiyo tumejua ni mzima.

Nina habari njema na nimekatazwa kukuambia, baba yako anataka kukuambia mwenyewe mwezi wa nane. Lakini mimi sina kifua. Baba yako amekupatia mahari kwa mzee Nehemiah Rotich, yule mwenye ng'ombe wa maziwa Endebess. Walikutana Jumamosi wakakubaliana. Mzee anakukumbuka, anasema alikuona kwenye maonyesho ya kilimo ulivyomshika ndama, akasema msichana huyu ana mikono ya kazi, na yeye mzee anapenda wasichana wanaoamka mapema. Utaenda Disemba, ukishamaliza mtihani. Baba yako amefurahi mpaka akala ugali mara mbili.

Usimwambie kwamba nimekuambia.

Mengine tutaongea ukija. Soma kwa bidii.

Senge Sellah


Bungoma
10 Julai 2025

Nangila,

Mulembe. Wiki mbili sasa Kizito anarudi mikono mitupu. Anasema mlinzi wa lango alimwambia umesema huna barua. Unaumwa? Nimekukosea? Vifaranga bado ni sita, na mama yako anakuuliza kila siku. Andika hata mstari mmoja.

Sellah


Kwanza, Kitale
13 Julai 2025

Kwa Sellah,

Mulembe kwa wote.

Umetaka mstari mmoja. Huu hapa: mnaniuza.

Nilidhani naweza kunyamaza mpaka shule ifungwe lakini nimeshindwa. Umeniambia niweke kitabu chini kwa sababu mambo ya zamani yalishaisha. Yaliishia wapi, senge? Baba amekupatia mahari. Utaenda Disemba. Ana mikono ya kazi. Hivyo ndivyo karani wa meli alivyokuwa akisema, alikuwa anawashika mikono na kuwatazama meno!

Nilimuuliza Chesang, kwao ni Endebess. Anasema mzee Rotich ana ng'ombe arobaini na mke wake alifariki mwaka juzi. Chesang alinishika mkono akasema, "Si ni mzee bana, ana hata wajukuu." Nililia mpaka taa zikazimwa.

Mwanzo nilijipa moyo. Nilisema, huyu ni senge, labda ni zile R zake na L zake. Nikaenda na barua dirishani nikaiangalia vizuri. Uliandika L, senge. Nimeiona. Ukaikata, ukaweka R juu yake, kubwa, ukaikoleza. Kwa hiyo ulifikiri, na ulipofikiri ukaandika mahari. Na wewe ndiye uliyesema ukikata ujue umesahihisha.

Na ulikuwa unafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko baba. Baba simjui sana, ni mtu wa koti na kimya. Wewe nilikudhania mwingine.

Tarehe moja Agosti sitarudi nyumbani. Jepkorir ana dada yake Kitale mjini, nitakaa huko, na mtihani nitaufanya. Msinitafute.

Nangila, na hilo ndilo jina langu


Bungoma
16 Julai 2025

Mtoto wangu Nangila,

Mulembe, mulembe, mulembe. Naandika mara tatu ili angalau moja ikufikie.

Barua yako ilinikuta kwenye cherehani. Niliisoma nikashona mkono wa sare kwenye shingo. Mwanzo sikuelewa. Nikasema mtoto amepandwa na malaria. Nikampelekea baba yako bandani alikokuwa anakamua. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye ndoo.

Akaniuliza, "Sellah, uliandika nini wewe?"

Nikamwambia, "Niliandika vile uliniambia. Umempatia mahari kwa mzee Rotich."

"Hebu andika hapa chini. Andika mahari pa kukaa mtu."

Nikaandika kwa kijiti kwenye udongo.

"Sasa andika mahari ya ng'ombe."

Nikaandika. Akatazama, akatazama tena. "Ati si umeandika neno moja mara mbili bana?"

"Si ni wewe umesema neno moja mara mbili!"

Tukaenda ndani tukatoa ile kamusi yako ya darasa la nane, mama yako akishika taa ya simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Tukatafuta moja, tukatafuta la pili. Ndipo nikajua nimefanya nini. Nangila, niliandika kwa L vizuri kabisa, kama ulimi wangu ulivyotaka. Kisha nikakumbuka ahadi yangu. Nikasema moyoni, siku zote L zangu ndizo zenye makosa, huyu mtoto atanicheka tena. Nikaikata iliyo sawa nikaweka mbaya. Ningekuwa sijali, ningeandika sawa.

Ni mahali. Mzee Rotich ana kliniki ya mifugo hapo shambani kwake, binti yake ni daktari wa wanyama. Baba yako alipanda huko mara tatu kumwomba akupe nafasi ukae na huyo daktari, ujifunze, mpaka matokeo yako yatoke. Wewe si ndiye ulisema tangu darasa la sita unataka kutibu ng'ombe? Alikusikia. Huyo mtu wa koti na kimya alikusikia.

Sasa swali lako. Nililiruka, ni kweli.

Mwaka wa 1996 nilikuwa na miaka kumi na sita. Msichana wako wa kitabu alivalishwa shanga. Mimi nilinunuliwa sweta ya kijani. Baba yetu aliniambia naenda kutembea kwa jamaa zake Suam, nitarudi shule ikifunguliwa. Nikafunga daftari zangu za likizo kwenye mfuko, nikaenda nazo. Kule nikakuta mtu mzima anafanya biashara ya mpakani, na mahari yangu ilikuwa imeshapelekwa nyumbani, ng'ombe sita. Nilikaa miaka miwili. Hayo ya ndani sitayaandika, usiniulize tena. Nitakuambia tu kwamba hakuna aliyeniita Sellah. Walisema "yule wa Bungoma." Yule wa Bungoma achote maji, yule wa Bungoma anyamaze.

Baba yako alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, hakuwepo niliposafirishwa. Aliporudi akaambiwa nimeolewa kwa hiari. Ilimchukua muda kujua ukweli. Akapanda baiskeli kutoka hapa hadi Suam, siku mbili njiani. Nilikuwa napepeta maharage. Nikasikia mtu langoni anaita, "Sellah! Sellah!" Sikuitika, nilidhani ni mtu mwingine anaitwa.

Ng'ombe wale, wewe ni mtoto wa hapa unajua desturi: mahari ya dada ndiyo ndugu yake anayotumia kuoa. Wale sita walikuwa wake. Baba yako alikuwa ameshamchumbia msichana wa Kimilili. Akawaswaga wote sita akawarudisha Suam, ili mtu asiwe na neno la kusema juu yangu. Yule wa Kimilili hakungoja. Baba yako alikaa miaka tisa akitafuta wengine, mmoja mmoja, ndipo akamwoa mama yako. Ndiyo maana ulimkuta na nywele nyeupe.

Sikulaumu hata kidogo. Uliposema "mnaniuza" nilikaa nikalia, lakini si kwa uchungu wa kutukanwa. Hilo neno nililihitaji mwaka ule na sikuwa na mtu wa kumwandikia. Wewe umeliandika, na limefika.

Rudi nyumbani. Usiporudi nitakuja mwenyewe, hata kwa baiskeli.

Senge wako,
Sellah


Kwanza, Kitale
20 Julai 2025

Senge wangu, Sellah,

Mulembe senge. Mulembe baba, mulembe mama, mulembe kukhu na vifaranga wote.

Nimeisoma barua yako choo cha nyuma, mahali pekee penye komeo. Nilicheka pale pa kijiti na udongo, halafu nikasonga mbele sikucheka tena. Nikatoka nikaenda kumwambia Chesang si mahari ni mahali, akasema, "Kumbe! Na mimi nimekuombea novena nzima." Sasa anasema nimtibie mbuzi wao bure.

Senge, nisamehe. Nilisoma utumwa kitabuni mpaka nikauona kila mahali, hata kwa baba aliyewahi kukutoa humo kwa mkono wake. Na huku nyumbani kulikuwa na mtu aliyekuwa ndani yake kweli, anazima taa, ananishonea sketi, ananiambia nile vizuri. Sitakuuliza ya ndani. Ukitaka siku moja kuyasema, mimi nipo.

Asante kwa kuniambia. Nimeandika kwenye daftari la Mwalimu Gathoni kwamba nashukuru, nikashindwa kumweleza ni kwa nini, nikaandika jina lako tu. Ameniwekea alama ya vyema bila kuuliza.

Kuna jambo la baba. Ile siku ya wazazi nilivyosema ni babu yangu. Nataka kumwambia mwenyewe, kwa mdomo, na nataka aje tena mwezi wa tisa na koti lile lile. Nitamzungusha bweni hadi bweni. Nitasema huyu ni baba.

Nimemwomba mwalimu kitabu, ameniruhusu kukutumia kwa Kizito hadi shule ifunguliwe. Sitakuambia mwisho wake. Lakini kama ukiona ni kizito, kiweke chini, na mimi sitakuita mwoga.

Tarehe moja nitakuwa stendi ya Bungoma kabla ya saa tisa.

Nangila wenu


Bungoma
29 Julai 2025

Nangila wetu,

Mulembe. Barua hii ni fupi, utatukuta wenyewe. Kizito amesema hiyo ya vitabu ni mizigo mingine, sasa anataka koti zima.

Kitabu nimekimaliza. Ni kitabu cha kwanza kukimaliza tangu nilipobeba zile daftari Suam. Kwenye shanga nilikifunga siku tatu, nikaenda kushona, nikakifungua tena. Nilikuwa nasoma kwa sauti nikishona vifungo, na baba yako akawa anajifanya anatengeneza jembe karibu na mlango. Jembe hilo limetengenezwa wiki nzima. Tulipofika pale msichana anaposhuka melini, karani anamwita Kumi na Saba naye anasimama bila kuitika mpaka karani amtaje kwa jina lake, baba yako aliweka jembe chini akatoka nje. Nikamsikia anajisafisha pua kwenye migomba. Aliporudi alisema ni moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Nashukuru, mtoto wangu. Nilikuwa nimekaa na jambo hili miaka ishirini na tisa kama mtu aliyebeba mtungi, hata shingo husahau kwamba unaweza kuteremshwa. Kamusi sasa iko juu ya cherehani yangu, na nimeuliza habari za shule ya watu wazima hapa Kanduyi. Usicheke.

Baba yako ameomba kalamu. Wewe unajua hajawahi kuandika barua. Amekaa na karatasi tangu chai ya saa kumi, na hajakata neno lolote. Haya ni yake:

Nangila. Mahari yako sijamwomba mtu. Mahali pako ni hapa, kwa L. Tumeangalia kamusi. Baba.